Vivinjari Sita, Injini Moja

Chukua simu moja ya Android, pakua Brave, Opera, Edge, Vivaldi na Samsung Internet, uviweke pamoja na Chrome iliyokuja na simu. Hapo una nembo sita na kampuni sita, na kila moja inakuambia yake ndiyo bora. Sasa fungua ukurasa uleule kwenye vyote. Kitufe kikikaa vibaya kwenye kimoja, kitakaa vibaya hivyohivyo kwenye vingine vitano. Mdudu, yaani kosa la msimbo, anayeangusha ukurasa kwenye Edge ataangusha na Brave.

Kivinjari kina sehemu mbili. Juu kuna ganda: vichupo, alamisho, upau wa anwani, hali fiche, mahali pa kutunza manenosiri. Chini kuna injini, ambayo ndiyo inayosoma HTML na CSS (lugha za kuupa ukurasa umbo), inayoendesha JavaScript (msimbo unaoufanya ukurasa uitikie), inayoamua picha ya aina gani ifunguke na kamera iombwe vipi. Kutengeneza ganda ni kazi ya miezi kwa timu ndogo. Injini ni mamilioni ya mistari ya msimbo na mamia ya wahandisi, mwaka baada ya mwaka. Vivinjari vyote sita hapo juu vina injini moja, Blink, iliyomo ndani ya mradi wa Chromium unaoendeshwa na Google. Ukiiondoa hiyo, injini zilizobaki zenye watumiaji wa maana ni mbili tu: WebKit ya Apple na Gecko ya Mozilla, iliyomo ndani ya Firefox.

Kwa hiyo takwimu zinazosema Chrome ina takriban theluthi mbili ya matumizi yote duniani zinapunguza ukubwa wa jambo lenyewe. Ukizijumlisha Edge, Opera, Samsung Internet na wenzake, Blink inabeba zaidi ya hapo. Safari inafuata kwa mbali, chini ya moja ya tano. Firefox iko chini ya asilimia tatu.

Hata hizo tatu, mbili ni ndugu. Blink ilizaliwa Aprili 2013 Google ilipojitenga na WebKit. WebKit nayo Apple iliijenga juu ya KHTML, injini ya mradi wa KDE ulioandikwa na watu wa Linux miaka ya tisini, na Safari ikatoka nayo Januari 2003. Ukoo huo umeandikwa ndani ya kila ombi ambalo simu yako inapeleka kwenye seva. Chrome ya Android hujitambulisha hivi:

Mozilla/5.0 (Linux; Android 10; K) AppleWebKit/537.36 (KHTML, like Gecko) Chrome/139.0.0.0 Mobile Safari/537.36

Soma neno moja moja. Mozilla lilikuwa jina la ndani la Netscape, kivinjari kilichotamba miaka ya tisini. Miaka ya tisini seva zilikuwa zikitoa kurasa nzuri kwa anayejiita Mozilla tu, basi Internet Explorer ikajiita Mozilla ili isinyimwe. KHTML ikajiita mfano wa Gecko kwa sababu hiyohiyo, Safari ikarithi, Chrome ikajiita Safari. Hiyo "Android 10; K" nayo si habari ya simu yako hata kidogo: ni maneno ya kudumu ambayo Chrome huyaandika kwa kila mtu ili kupunguza utambulisho. Mstari mzima ni kumbukumbu ya vivinjari vilivyolazimika kudanganya ili vihudumiwe. Na mchezo haujaisha. Desemba 2019 Vivaldi, ambayo injini yake ni ileile ya Chrome, iliacha kujitaja kwa jina lake kwenye tovuti nyingi, kwa kuwa tovuti zilikuwa zikiifungia mlango kwa sababu ya jina tu.

Ukitaka kuuona uzito wa hali hii, fungua Firefox kwenye kompyuta, andika about:compat kwenye upau wa anwani. Utapata orodha ya tovuti ambazo Mozilla imeziandikia marekebisho maalumu ndani ya kivinjari chenyewe, kwa mfano kwa kujitambulisha kama Chrome, kwa sababu wenye tovuti hizo hawakujaribu kwingine. Mwenye kosa ni tovuti, anayelitengeneza ni kivinjari, na mtumiaji akikwama anailaumu Firefox.

Ukiritimba wa kwanza ulilala

Wengi wakisikia habari ya ukiritimba wa vivinjari wanakumbuka Internet Explorer, na kumbukumbu hiyo inawapotosha kidogo. Microsoft iliingia uwanjani Agosti 1995 kwa msimbo ulionunuliwa leseni kutoka Spyglass, ikakibandika kivinjari chake ndani ya Windows bure, wakati Netscape ilitegemea kuuza chake. Serikali ya Marekani ilifungua kesi Mei 1998. Mahakama ilipomaliza kubishana kama Microsoft igawanywe au la, Netscape ilikuwa imeshauzwa kwa AOL na mambo yameisha. Miaka ya 2002 na 2003 Internet Explorer ilikuwa na zaidi ya asilimia tisini ya watumiaji.

Kisha ikalala. Toleo la 6 lilitoka Agosti 2001, la 7 likatoka Oktoba 2006. Miaka mitano bila toleo jipya, kwa sababu hakukuwa na wa kumkimbiza. Firefox 1.0 ilipotoka Novemba 2004 ikiwa na vichupo na kizuizi cha madirisha ya matangazo, watu waliona kama muujiza.

Gharama yake Korea Kusini inajulikana vizuri. Mwishoni mwa miaka ya tisini sheria za Marekani zilibana nguvu ya usimbaji katika programu zilizouzwa nje, na vivinjari vya nje vikawa na ufunguo wa biti 40. Wakorea, kwa busara kabisa, walitengeneza mfumo wao wa biti 128 unaoitwa SEED. Tatizo lilikuwa namna ya kuuingiza kwenye kivinjari: waliuingiza kwa ActiveX, teknolojia iliyofanya kazi kwenye Internet Explorer ya Windows peke yake. Marekani ililegeza sheria zake muda si mrefu, lakini benki, maduka na ofisi za serikali za Korea zilikuwa zimeshajengwa juu ya ActiveX. Nchi yenye intaneti ya kasi kuliko karibu nchi zote ikabaki kwa zaidi ya miaka kumi na mitano haiwezi kulipa kodi kwa Mac. Ulazima wa cheti cha kidijitali kilichokwenda na mfumo huo uliondolewa kisheria Desemba 2020. Internet Explorer yenyewe ilistaafishwa Juni 2022.

Ukiritimba wa sasa unakimbia

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Chrome ni Internet Explorer mpya. Chrome haijalala. Septemba 2021 ilianza kutoa toleo jipya kila wiki nne, na kila toleo lina uwezo mpya ndani yake: kusoma vifaa vya USB, kuongea na mashine kwa Bluetooth, kuandika faili moja kwa moja kwenye diski. Kwa mtumiaji hayo ni mazuri. Kwa mshindani ni kinu cha kusagia fedha, maana kila jambo linaloongezwa lazima naye aliongeze, alipime, alilinde, au aeleze kila siku kwa nini hana. Internet Explorer iliizuia wavuti isisogee. Chrome inaivuta kwa kasi ambayo ni mmoja tu anayeweza kuilipia.

Ushahidi ni waliotoka mbioni. Opera walikuwa na injini yao, Presto, wahandisi hodari, na wafuasi wengi Afrika. Februari 2013 walitangaza kuiacha. Microsoft, kampuni ambayo haijawahi kulia njaa, iliandika injini mpya ya Edge mwaka 2015, ikatangaza kuitupa Desemba 2018, na Edge ya Chromium ikatoka Januari 2020. Mozilla ilipunguza wafanyakazi wapatao 250 Agosti 2020, wakiwamo wa mradi wa Servo, injini ya majaribio iliyokuwa ikijengwa upya kutoka chini. Kama Microsoft imeona gharama haibebeki, usitarajie kampuni changa ya Nairobi au Berlin ianzishe injini yake kesho.

Mfano mdogo wa namna mtego unavyofanya kazi madukani: mtu anaandika mfumo wa mauzo unaofunguka kwenye kivinjari, na anataka risiti itoke kwenye printa ndogo ya Bluetooth. Chrome ina Web Bluetooth, anaitumia. Firefox na Safari zilikataa kuiweka, kwa hoja kwamba kuruhusu ukurasa wowote uongee na vifaa vya mtu ni hatari asiyoweza kuipima kwa kubonyeza tu "ruhusu". Kuanzia siku hiyo duka lile ni la Chrome. Mwenye iPhone hawezi kuuza. Halafu anagundua la pili: Web Bluetooth inaongea na Bluetooth LE tu, na printa nyingi za bei nafuu ni za Bluetooth ya zamani, kwa hiyo hata kwenye Chrome haziunganiki kwa njia hiyo, na hapo analazimika kutengeneza programu ya Android. Angeanza na ukurasa wa kawaida wa kuchapisha, au na programu kamili, angekuwa ameokoa kazi yote ya katikati.

Msimbo ni wa wote, uamuzi si wa wote

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Chromium ni msimbo huria. Google ikiharibu, mtu atauchukua aende nao. Google yenyewe ilieleza kwamba mwaka 2024 iliingiza zaidi ya mabadiliko 100,000 kwenye Chromium, takriban asilimia 94 ya yote. Anayeondoka na msimbo anaondoka bila hao wahandisi. Ana haki ya kubadili chochote, lakini kila toleo jipya likitoka anapokea maelfu ya mabadiliko mapya ambayo lazima ayapatanishe na yake. Tofauti ikiwa ndogo, anaimudu. Ikiwa kubwa, anazama.

Tena kuna vipande ambavyo si huria. Januari 2021 Google ilitangaza kwamba kuanzia Machi 15 vivinjari vingine vilivyojengwa kwa Chromium havitaruhusiwa kutumia huduma yake ya kusawazisha alamisho na manenosiri. Waliokuwa wakitumia Chromium tupu kwenye Linux wakaona usawazishaji umekufa. Widevine, kufuli la filamu linalotakiwa na huduma za kulipia kama Netflix, nalo ni la Google. Mwaka 2019 mtengenezaji mmoja wa kivinjari kidogo aliomba leseni yake, akasubiri miezi minne, akajibiwa hapana. Kivinjari kisichocheza filamu hakina maisha marefu.

Angalia pia habari ya JPEG XL. Ni aina ya picha inayobana vizuri kuliko JPEG na inayoweza kuifungasha upya JPEG ya zamani bila kupoteza chochote, jambo ambalo kwa mtu wa bando la MB mia mbili lina maana. Walioibuni, baadhi yao ni wahandisi wa Google hukohuko, ofisi ya Zurich. Timu ya Chrome iliiondoa kwenye toleo la 110, mapema 2023, kwa maelezo kwamba hakuna mwitikio wa kutosha, wakati kampuni kubwa za picha zilikuwa zimejaa kwenye ukurasa wa malalamiko zikiiomba. Safari iliipokea mwaka huohuo. Haikusaidia: hakuna mwenye tovuti atakayetumia aina ya picha ambayo wageni wake wengi hawaioni. Mwishoni mwa 2025 timu hiyohiyo ya Chrome ililegeza msimamo. Fikiri tu ni meza ngapi zilihusika katika uamuzi wa kwanza na wa pili: moja.

Lakini kisa kizito zaidi ni cha viendelezi, programu ndogo zinazobandikwa kwenye kivinjari. Kizuia matangazo kama uBlock Origin kilifanya kazi hivi: ukurasa unapotaka kuita kitu chochote kutoka nje, picha, tangazo au msimbo wa kufuatilia, kivinjari kinasimama na kukiuliza kiendelezi, "niite au nisiite?" Kiendelezi kinachunguza anwani, kinaangalia nani ameita na kwa nini, kinajibu. Mfumo mpya wa Google, Manifest V3, uliondoa swali hilo. Sasa kiendelezi kinakabidhi orodha ya kanuni mapema, na kivinjari kinaamua chenyewe. Kila kiendelezi kimehakikishiwa kanuni 30,000 za kudumu, na zaidi ya hapo kinagombea akiba ya pamoja na viendelezi vingine. EasyList, orodha moja tu kati ya zinazotumika, ina makumi ya maelfu ya kanuni. Na orodha ile ya kudumu hubadilika kwa kutoa toleo jipya la kiendelezi kupitia duka la Google, ilhali wenye matangazo hubadilisha mbinu zao kila siku.

Google ilitoa sababu mbili, kasi na usalama, na ya usalama si ya kupuuza: kiendelezi kiovu chenye ruhusa ile kiliweza kusoma kila ulichotembelea. Tatizo ni kwamba ruhusa ya kutazama maombi imebaki kwenye mfumo mpya. Kilichoondolewa kwa viendelezi vya kawaida ni ruhusa ya kuzuia. Jasusi bado anaona; mlinzi ndiye aliyefungwa mikono. Chrome 138, ya katikati ya 2025, ndiyo ya mwisho ambayo mashirika yangeweza kuilazimisha iendelee na mfumo wa zamani. Kampuni inayopata sehemu kubwa ya mapato yake kwa matangazo ndiyo iliyoamua kizuia matangazo kifanye kazi vipi kwa watu wengi wa dunia. Mwenye soko ndiye mwenye mizani, na yeye pia ana kibanda chake pale pale. Brave iliahidi kuendelea kuvibeba viendelezi vinne vya aina hiyo kwa nguvu zake, na Firefox imeacha swali la zamani palepale lilipokuwa.

Vidakuzi vya watu wa tatu, alama ndogo ambazo kampuni za matangazo huziacha kwenye kivinjari chako ili zikufuatilie tovuti hadi tovuti, vinaonyesha upande mwingine wa fundo hilo. Safari ilivizuia vyote Machi 2020. Firefox ilianza kuvifungia vidakuzi vya kila tovuti kwenye chungu chake peke yake kwa watumiaji wote Juni 2022. Google iliahidi Januari 2020 kuviondoa ndani ya miaka miwili, ikaahirisha, ikaahirisha tena, na Aprili 2025 ikasema vitabaki. Sehemu ya sababu ni kwamba mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliingilia: Chrome ikiviua vidakuzi, kampuni nyingine za matangazo zinaumia na Google, yenye taarifa za watu kupitia akaunti zao, inanufaika. Visipouawa, mtumiaji anaendelea kufuatiliwa. Kampuni moja ikishika kivinjari na soko la matangazo kwa pamoja, hakuna hatua safi iliyobaki.

Fedha za mshindani

Firefox inaishi kwa fedha za Google. Mkuu wa fedha wa Mozilla alieleza mahakamani Washington, Mei 2025, katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, kwamba takriban asilimia 90 ya mapato yao hutokana na Firefox, na asilimia 85 hivi ya hayo hutoka Google, malipo ya kuiweka kama mtambo chaguomsingi wa utafutaji. Apple nayo ililipwa dola bilioni 20 mwaka 2022 kwa nafasi hiyohiyo ndani ya Safari. Kwa hiyo injini zote mbili zinazopingana na Blink zina mlipaji mmoja, yuleyule mwenye Blink.

Jaji wa kesi hiyo, Amit Mehta, alikuwa ameamua Agosti 5, 2024 kwamba Google ni mkiritimba wa utafutaji na amevunja sheria. Wizara ya Sheria ya Marekani ikaomba Chrome iuzwe na malipo yakatazwe. Hapo Mozilla wakajikuta wakimwambia jaji jambo la ajabu: mkizuia fedha za Google, mnaiua Gecko, na Google itabaki na nguvu zaidi. Septemba 2, 2025, siku ambayo Chrome ilitimiza miaka kumi na saba tangu itoke, jaji alikataa Chrome iuzwe. Alikataza mikataba ya kumfungia mtu asiweke mwingine, akaagiza baadhi ya data za utafutaji zigawiwe washindani, lakini kulipa kwenyewe akaruhusu.

Ulaya ilipita njia nyingine. Mwaka 2010 iliilazimisha Microsoft ionyeshe dirisha la kuchagua kivinjari. Microsoft "ikasahau" dirisha hilo kwenye toleo moja la Windows 7 kwa zaidi ya mwaka, na Machi 2013 ikapigwa faini ya euro milioni 561. Mwaka 2018 zamu ilikuwa ya Google, faini ya euro bilioni 4.34 kwa, pamoja na mambo mengine, kuwashurutisha watengenezaji wa simu za Android waweke utafutaji wake na Chrome. Mahakama baadaye ikaipunguza hadi bilioni 4.125. Tangu Machi 2024 Apple inaruhusu injini nyingine kwenye iPhone, ila ndani ya Umoja wa Ulaya, na tangu Desemba 2025 Japani pia. Kwingineko hata Chrome ya iPhone ni WebKit iliyovaa koti. Hilo ni ukiritimba pia, na kwa kejeli ndilo linaloizuia Blink isimeze kila kitu: mwenye tovuti hawezi kuipuuza Safari maana wenye iPhone wana fedha.

Simu mpya ikifunguliwa Kariakoo au Luthuli Avenue haionyeshi dirisha la kuchagua. Chrome ipo tayari, na hakuna anayeuliza.

Uamuzi unapotua huku

Kuna wakati Afrika Mashariki ilikuwa nchi ya Opera Mini. Seva za Opera zilifungua ukurasa, zikaubana, zikautuma mwepesi hadi kwenye kitochi cha Java. Kwa kurasa za kusoma ilikuwa neema; kwa kurasa zinazotegemea JavaScript nyingi ilikwama, kwani msimbo uliendeshwa kwenye seva kwa sekunde chache tu na kugandishwa. Chrome nayo ilikuwa na hali yake ya kuokoa data. Google iliiondoa Machi 2022 kwa maelezo kwamba gharama za data zimeshuka katika nchi nyingi. Ukinunua bando kwa saa, wewe huenda si mmoja wa waliofikiriwa.

La pili ni umri wa simu. Chrome 139, ya Agosti 2025, inadai Android 10 kwenda juu. Simu ya mtumba yenye Android 8 au 9 inabaki na Chrome 138 milele, bila viraka vya usalama, na programu haikuambii kwa sauti. Kwenye kompyuta, Chrome ya mwisho kwa Windows 7 na 8.1 ni 109, ya Januari 2023. Kompyuta za aina hiyo bado ziko kwenye vibanda vingi vya intaneti na shule, na watu wanaingiza manenosiri ya benki humo.

La tatu halionekani kabisa. Programu nyingi za Android, za benki na za habari zikiwamo, huonyesha kurasa zao kwa kipande kiitwacho Android System WebView, ambacho ni Blink tena. Machi 22, 2021 sasisho bovu la kipande hicho liliangusha programu duniani kote, Gmail ikiwamo. Watu walibadilisha kivinjari na haikusaidia kitu, maana ugonjwa haukuwa kwenye kivinjari. Dawa ilikuwa kuingia Mipangilio, Programu, kutafuta Android System WebView, kubonyeza nukta tatu na kuondoa masasisho, kisha kusubiri toleo lililotengenezwa. Njia hiyo ikumbuke. Programu kadhaa zikianza kujifunga zenyewe siku moja, hapo ndipo pa kuanzia.

Cha kufanya, kwa mtumiaji na kwa fundi

Kuhama si kazi ya siku nzima. Kwenye kompyuta, Firefox huchukua alamisho na manenosiri ya Chrome moja kwa moja inapowashwa mara ya kwanza. Ikishindikana, toa manenosiri kwenye Chrome kupitia kidhibiti cha manenosiri, sehemu ya mipangilio, utapata faili la CSV. Kwenye Firefox andika about:logins, nukta tatu, ingiza kutoka kwenye faili. Faili hilo ni maandishi matupu, kila nenosiri lako liko wazi humo. Lifute papo hapo, lifute na kwenye pipa la taka, na usijitumie kwa WhatsApp hata kwa dakika moja. Kwenye simu, ingia Mipangilio, Programu, Programu chaguomsingi, Kivinjari, uchague unachotaka. Usipofanya hivyo kila kiungo cha meseji kitakurudisha Chrome. Usiifute Chrome yote, kuna tovuti utakazokuta zimejengwa kwa ajili yake peke yake. Ukikutana nazo, zifungue humo, umalize, utoke.

Mwenye Android 8 au 9: hadi mwishoni mwa 2025 Firefox ilikuwa bado inazipokea. Mwenye Windows 7: tumia Firefox ESR 115, toleo la kudumu muda mrefu ambalo Mozilla iliendelea kulipa viraka angalau hadi mwanzoni mwa 2026, ila ni ya kujisitiri tu wakati unatafuta mashine nyingine.

Fundi wa tovuti ana nguvu zaidi ya anavyodhani. Usisome ule mstari wa utambulisho kuamua nani aingie, tumeona unavyodanganya. Uliza uwezo wenyewe: kwenye JavaScript, 'bluetooth' in navigator kabla ya kuonyesha kitufe cha printa; kwenye CSS, @supports. Ukiandika kanuni yenye kiambishi cha -webkit-, andika na ile ya kawaida chini yake. Jaribu kila ukurasa kwenye Firefox kabla ya kukabidhi kazi, na hasa fomu: uchaguzi wa tarehe, kupakia picha kutoka kamera, na kuchapisha PDF ndiko kunakoharibika mara nyingi. Kama huna iPhone, kwenye Linux GNOME Web ni WebKit, itakuonyesha makosa mengi ya Safari bila kununua kitu, ingawa si yote. Kamera na malipo lazima yajaribiwe kwenye iPhone halisi, hata ya kuazima kwa nusu saa. Na mteja akiandika kwenye mkataba "ifanye kazi kwenye Chrome", mwombe abadilishe iwe "kwenye Chrome, Safari na Firefox, matoleo mawili ya mwisho", kisha weka bei ya majaribio hayo kwenye ankara, mstari wake peke yake.